Dhamana na Kiungo: Kutoka Njia ya Kasindi hadi Mtandao wa Kompyuta

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba methali hiyo ni kweli nusu tu. Katika biashara, na hata katika elimu, chema kisichotajwa na mtu hukaa gizani.

Mji wa Beni, ambao Mulekera ni mojawapo ya komuni zake nne, umekaa palipokutana njia mbili: ile itokayo Kasindi, mpakani mwa Uganda, na ile itokayo Butembo kuelekea Komanda na Kisangani. Wafanyabiashara Wanande wa pande hizi walikwishapata sifa tangu enzi ya Zaire. Janet MacGaffey, katika kitabu chake cha mwaka 1987, aliwataja miongoni mwa waliopeleka mazao ya Kivu hadi Kisangani. Naye Timothy Raeymaekers, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alieleza jinsi wenzao wa Butembo walivyoagiza bidhaa kutoka Dubai na Asia ya Mashariki, wengi wakigawana kontena moja. Shehena ilishushwa Mombasa, ikavuka Kenya na Uganda, ikaingia Kasindi. Penye safari ndefu kama hiyo, na penye dola dhaifu, neno la mdhamini huwa ni sehemu ya mtaji. Anayetajwa kwa wema na tajiri anayeheshimika hupewa mali. Asiyetajwa huombwa fedha taslimu.

Kanuni hiyo si ngeni kwa wanazuoni. Wapokezi wa hadithi za Mtume waliipima kila habari kwa isnadi yake, yaani mfululizo wa waliyoipokea. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science faharasa ya kuonyesha makala ipi imerejewa na zipi. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliihamishia fikra ya namna hiyo kwenye intaneti. Mitambo ya kutafutia iliyotangulia ilitegemea mno maneno yaliyomo ukurasani, na kwa hiyo ilidanganyika kwa urahisi. Wao walihesabu kila kiungo kinachouelekea ukurasa kuwa ni ushahidi, tena ushahidi wenye uzani: kiungo kitokacho kwenye ukurasa wenye hadhi kilizidi vingine, na ukurasa uliotoa viungo vingi uliigawanya hadhi yake kwa vyote. Ndivyo alivyo mdhamini. Anayemdhamini kila mpita njia, dhamana yake haina thamani.

Hata hivyo, penye dhamana hapakosi shahidi wa uongo. Viungo vilianza kuuzwa na kununuliwa. Mnamo Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya viungo bandia vililipandisha juu duka la Marekani, J. C. Penney, Google ililishusha mara moja. Mwezi Aprili 2012 Google ilianza kutumia kanuni iliyoitwa Penguin, iliyokusudiwa kuziadhibu tovuti za namna hiyo. Tajiri wa Butembo angelitambua jambo hilo bila ya kufundishwa: sifa ya kununua hudumu hadi siku mzigo unapofunguliwa.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, jambo hili si la wauza bidhaa peke yao. Ukurasa ulioandikwa kwa Kiswahili cha Beni au Butembo, hata ukiwa na maarifa adimu, ni vigumu kuonekana iwapo hakuna aliyeurejea. Mwandishi wake hawezi kujidhamini mwenyewe. Ni sisi tusomao tunaopaswa kumtaja kwa jina, kuielekeza njia ya kazi yake, na kufanya hivyo baada ya kuisoma, si kabla. Uchoyo wa kurejea wenzetu huwazika. Ukarimu usio na uchunguzi huizika dhamana yenyewe.