Viini Hugawiana Usugu
Miaka ya 1950 huko Japani, madaktari walikuta viini vya kuhara damu, Shigella, visivyosikia salfa, streptomaisini, tetrasaiklini wala kloramfenikoli. Ajabu ni kwamba, tumboni mwa mgonjwa yuyo huyo, viini vingine vya kawaida, E. coli, vilishinda dawa zizo hizo.

Mwaka wa 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai walionyesha kuwa E. coli huipa Shigella usugu zikichanganywa. Kinachopitishwa ni kipete cha DNA kiitwacho plasmidi. Kiini kikigawanyika, kipete nacho hurithiwa.

Kwa hivyo mama, usimpe mtoto tembe zilizobaki nyumbani. Zitaua viini dhaifu, na vyenye kipete vitaongezeka. Mpeleke zahanati.