Unataka kuacha pombe au dawa za kulevya? Haya yajue kabla ya kuingia soba hausi

Soba hausi, au nyumba ya upataji nafuu, ni nyumba ya kawaida ambamo watu walioacha pombe au dawa za kulevya wanaishi pamoja kwa muda. Mnapika kwa zamu, mnafanya usafi, mnakaa kikao na kuzungumza. Sharti kubwa ni kutotumia kabisa. Nchini Tanzania nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe, kwa hiyo si rahisi kuwadanganya. Za wanawake ni chache kuliko za wanaume.

Lakini soba hausi si hospitali, na hapo ndipo familia nyingi hukosea. Mama aliyezoea kunywa gongo au waragi kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Usikubali afungiwe chumbani mpaka arosto iishe. Mpeleke kituo cha afya kwanza.

Kama una mimba na unatumia heroini, usiache peke yako. Mweleze mkunga ukweli, hata kama unaona aibu. Kuacha ghafla kunaweza kumdhuru mtoto, na kuna dawa ya methadoni ambayo mjamzito anaweza kutumia chini ya uangalizi wa daktari. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Baadhi ya soba hausi hazimpokei anayetumia methadoni, basi uliza mapema.

Uliza pia: Je, wanawake wanalala sehemu yao, na nani anawasimamia usiku? Naweza kuja na mtoto ninayemnyonyesha? Ada ni kiasi gani, na nikiishiwa itakuwaje? Nikitaka kuondoka, nitaruhusiwa? Wakikujibu kwa hasira, tafuta kwingine.

Ukiishi kambini, shughulikia kibali cha kutoka kabla ya kulipa chochote. Mhudumu wa afya anaweza kukuandikia rufaa.

Ukitoka, jihadhari: mwili uliokaa miezi bila heroini hauwezi tena kipimo cha zamani, na wengi hufa kwa kukirudia. Ukianguka, sema siku hiyohiyo.

Kwa ushauri wa bure piga 1192 ukiwa Kenya, au 119 ukiwa Tanzania.