Faranga Moja kwa Mwaka

Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wa upangaji ulikuwa milele. Kwa bei hiyo Ubelgiji ilipewa kipande cha bandari ya Kigoma na kingine cha Dar es Salaam, katika mkataba uliotiwa saini London tarehe 15 Machi 1921. Mwenye kupangisha alikuwa Uingereza. Mwenye ardhi hakuwepo chumbani. Hata mji uliohitaji mlango huo kuliko mwingine wowote, Albertville, ambao leo ni Kalemie, haukuwa na mtu wa kuusemea, na miaka arobaini baadaye mkataba ulipotenguliwa haukuwa naye pia.

Anayetaka kuifuata njia iliyozaa mkataba huo aanzie Mtowa, kwenye ghuba iliyo kaskazini ya mdomo wa mto Lukuga. Hapo ndipo mitumbwi iliyotoka Ujiji ilipotia nanga karne ya kumi na tisa. Ilileta nguo za pwani na chumvi ya Uvinza, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron aliuona Lukuga ukitoa maji ziwani kuelekea magharibi, na kwa miaka kadhaa wazungu wakabishana kama kweli mto huo unatoka au unaingia. Waguha walioishi ukingoni hawakuwa na shaka hiyo.

Kapteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga biashara ya utumwa, alijenga boma karibu na hapo mwishoni mwa 1891 na kulipa jina la Albert, mwana wa ndugu yake mfalme, ambaye hakutawazwa hadi 1909. Watu wa Rumaliza, bwana mkubwa wa Ujiji, walilizingira mwaka uliofuata. Ukitazama ramani utaona kwa nini: boma lilikaa juu ya mwisho wa barabara yao. Ugomvi wa nani afungue na nani afunge njia kati ya kingo hizi mbili ni wa zamani kuliko mkataba wowote.

Kisha ikaja reli, tena mbili, moja kila upande, zikikimbizana. Wajerumani waliifikisha ya kwao Kigoma Februari 1914, baada ya kama kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Wabelgiji, kwa kampuni iliyojulikana kama CFL, waliijenga ya kutoka Kabalo kwenye mto Kongo, kilomita 273, wakafika ziwani Machi 1915, vita ikiwa imeshapamba moto. Meli ya Ubelgiji, Alexandre Delcommune, ilikuwa imeshashambuliwa na Wajerumani tarehe 22 Agosti 1914. Waingereza nao wakavuta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kwa mto na kwa kukokotwa porini, hadi mdomoni mwa Lukuga. Hadithi hiyo imeandikwa mara nyingi mno, na aghalabu wapagazi waliozikokota hawamo, kwa hiyo naiacha. Muhimu ni kilichofuata. Julai 1916 askari wa Kongo waliingia Kigoma, Septemba wakaingia Tabora, na kwa karibu miaka mitano bendera ya Ubelgiji ikapepea kwenye stesheni ya Kigoma.

Nguvu ya hoja ya Ubelgiji ilitoka hapo. Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikaa kugawana walichokamata. Ubelgiji ilipata Rwanda na Burundi, ikakubali kuondoka Kigoma. Lakini kutoka bandarini mikono mitupu ilikataa. Mkataba wa 1921 ndio uliokuwa fidia yake: mzigo wa Kongo, Rwanda na Burundi upite Tanganyika bila ushuru wa forodha, na kila ncha ya reli iwe na eneo ambamo Ubelgiji ndiyo mwenye nyumba. Maeneo hayo yakaja kuitwa Belbase.

Kazi ilikwenda hivi. Marobota yalishushwa Dar es Salaam ndani ya eneo la Wabelgiji, yakapakiwa kwenye mabehewa, yakavuka nchi nzima hadi Kigoma. Pale yalipokelewa tena ndani ya eneo la Wabelgiji, yakapandishwa melini, na baada ya kama kilomita 130 za maji yakawa Albertville. Mji ukanenepa kwa njia hiyo. Ulikuwa na karakana za reli, makaa ya mawe yaliyochimbwa jirani, na baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Hata hivyo usije ukadhani shaba yote ya Katanga ilipita hapa. Kuanzia 1931 reli ya Benguela iliipeleka Lobito, kwenye Atlantiki, na Wabelgiji wenyewe walipenda zaidi kuipitisha kwenye reli na mito ya Kongo hadi Matadi. Njia ya Kigoma ilibaki uti wa mgongo wa watu wa ziwani tu: Albertville, Usumbura, Uvira. Mwaka 1951, bandari ya Dar es Salaam ilipokuwa ikipanuliwa, mkataba wa nyongeza ulilihamisha eneo la Belbase mahali pengine. Neno “milele” halikuguswa.

Kuna tarehe moja ambayo mawakili wa baadaye waliishikilia, na mimi pia huirudia. Mkataba ulitiwa saini Machi 1921. Shirika la Mataifa lilithibitisha udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika Julai 1922. Yaani aliyekabidhi bandari kwa milele alikuwa bado hajapewa hata karatasi ya kuitunza, na alipoipata ikawa ya utunzaji, si ya umiliki.

Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alilieleza Bunge la Tanganyika msimamo wake kuhusu mikataba iliyorithiwa. Kwa ile ya kawaida kati ya nchi mbili alitoa miaka miwili ya kuipitia; itakayoshindwa kufanyiwa makubaliano mapya ingekufa yenyewe, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa ingeiweka hai. Belbase hakuipa hata miaka hiyo miwili. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa: aliyeishika nchi kwa muda hawezi kuigawa kwa milele. Mpangaji anayeondoka mwisho wa mwezi hana ruhusa ya kumpangisha mwenzake chumba cha uani hadi siku ya kiyama. Papo hapo akasema yuko tayari kuzungumza na majirani juu ya utaratibu mpya wa kuitumia bandari. Alifuta hati, mlango hakuufunga. Nadhani tofauti hiyo ndiyo iliyofanya jambo hili lipite bila kishindo, kwani Ubelgiji nayo ilikuwa imebaki na hoja isiyo na mwili. Kongo ilikuwa huru tangu 30 Juni 1960, na Rwanda na Burundi zilifuata tarehe 1 Julai 1962.

Na Albertville? Mwezi huo wa Novemba 1961 mji ulikuwa na mambo mazito kuliko sheria za urithi wa mikataba. Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alikuwa ametangaza kujitenga kwa jimbo hilo, na Waluba wa kaskazini yake wakamkataa. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi mjini. Mwaka mmoja kabla, tarehe 8 Novemba 1960, Waairishi tisa waliuawa Niemba, kijiji kilicho kwenye reli hiyo hiyo ya Kabalo. Milele ya London ilikufa wakati ambapo treni yenyewe haikuwa na uhakika wa kufika. Juni 1964 waasi wa Soumialot waliuteka mji, na Jason Sendwe, kiongozi wa Kaskazini mwa Katanga, akauawa humo. Jina la Albert lilifutwa baadaye, katika enzi ya Mobutu.

Msimamo wa Nyerere ulisafiri mbali. Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba mkataba wa maji ya Nile wa 1929 hauifungi. Wanasheria wa Umoja wa Mataifa, walipokuwa wakiandaa mkataba wa 1978 kuhusu urithi wa mataifa, waliijadili Belbase kwa kirefu.

Leo gati la Kalemie liko chini ya SNCC, shirika la reli la taifa, na maji ya ziwa yaliyopanda miaka ya karibuni yamekula sehemu ya mji. Kando ya maji akina mama hukaza kamba kwenye magunia ya ndakala, samaki yule yule ambaye ng'ambo anaitwa dagaa. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania imesaini ujenzi wa reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma. Mazungumzo aliyoyaahidi Nyerere hayajaisha, ila sasa Kinshasa inakaa mezani kwa jina lake.

Jambo moja hunisumbua kila nikiyasoma haya. Milner na Orts hawakugawana bandari tu. Walichora pia mpaka kati ya Tanganyika na Rwanda na Burundi, na kwa muda mfupi waliikata Gisaka kutoka Rwanda kwa ajili ya reli ambayo Waingereza hawakuijenga. Ilirudishwa baada ya miaka michache. Kama mtunzaji wa muda hana haki ya kutoa gati, alipata wapi haki ya kuchora mpaka? Nyerere alilijua swali hilo. Julai 1964, huko Cairo, nchi yake ndiyo iliyopeleka mbele ya wakuu wa nchi za Afrika azimio la kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, likapita, pamoja na ule wa Milner na Orts.