Mtakatifu Agostino na Neema ya Mungu

Mara nyingi twajiuliza: tumeungama, tumeahidi kuacha dhambi ileile, mbona tumeanguka tena? Mwafrika mwenzetu alijiuliza vivyo hivyo zamani sana.

Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alikuwa mwalimu mwenye akili nyingi, lakini moyo wake ulikuwa mfungwa. Alitaka kuishi katika usafi, asiweze. Kila siku alisema: kesho. Mama yake, Monika, alimwombea kwa machozi. Mwaka 386, katika bustani huko Milano, Agostino alilia chini ya mtini. Akasikia sauti kama ya mtoto ikimwambia atwae, asome. Akafungua barua ya Mtakatifu Paulo kwa Waroma, akasoma maneno machache, na minyororo ya moyo wake ikakatika. Sikukuu ya Pasaka, mwaka 387, Askofu Ambrosi alimbatiza.

Baadaye, Agostino alipokuwa askofu wa Hippo, Pelagio alifundisha kwamba mtu aweza kushika amri za Mungu kwa nguvu zake mwenyewe. Agostino alimpinga, kwani aliyajua mapigano ya moyo wake. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika waliokusanyika Kartago waliyahukumu mafundisho hayo.

Basi, tukae bure? Sivyo. Mgonjwa hajiponyi, lakini humfungulia daktari mlango. Nasi twamfungulia Yezu kwa sala na Masakramenti. Aliyeanguka asijifiche, arudi leo, afunguliwe.