Muuaji si Hoja: Upelelezi katika Sinema ya Ufaransa, 1947–2022

Mwaka 1947 Henri-Georges Clouzot alirudi kazini. Baada ya vita alikuwa amepigwa marufuku kutengeneza filamu, kwa kuwa *Le Corbeau* ya mwaka 1943 aliitengeneza chini ya Continental, kampuni ya Wajerumani walioikalia Ufaransa. Alirudi na *Quai des Orfèvres*, filamu yenye jina la mtaa wa Paris yalipokuwa makao ya polisi wa upelelezi, na tamasha la filamu la Venice likamtunuku tuzo ya mwongozaji bora.

Mzee tajiri ameuawa. Wanaoshukiwa ni mwimbaji wa kumbi za starehe na mumewe mwenye wivu. Lakini Clouzot anapenda zaidi kukaa ofisini mwa polisi: mashine za taipu zinagonga, waandishi wa habari wananyemelea tetesi, na Inspekta Antoine, aliyeigizwa na Louis Jouvet, anabana watu kwa maswali huku mawazo yake yako kwa mwanawe. Mume anazidiwa, anajikata mshipa mahabusu. Kumbe muuaji ni mwizi wa magari tu, na anapopatikana, familia ya watu imeshavuliwa nguo hadharani.

Miaka 34 baadaye Claude Miller aliubana upelelezi ndani ya chumba kimoja. *Garde à vue*, iliyotokana na riwaya ya Mwingereza John Wainwright, ni usiku wa mkesha wa mwaka mpya na mvua haikatiki. Inspekta (Lino Ventura) anamhoji mwanasheria mashuhuri wa mji (Michel Serrault) kuhusu mauaji ya mabinti wawili wadogo. Mtuhumiwa hana wakili pembeni, wala hilo halikuwa chumvi ya watunzi: sheria ya Ufaransa ilianza kumruhusu wakili kuonana na aliyezuiliwa polisi mwaka 1993, na kuketi naye kwenye mahojiano mwaka 2011. Alfajiri anakiri asichokifanya. Anayemwokoa si mpelelezi, ni maiti iliyokutwa kwenye buti la gari.

Mwaka 2022 Dominik Moll akaenda mbali zaidi. *La Nuit du 12*, iliyozoa tuzo sita za César, inatangaza mwanzoni kabisa kwamba kesi hii haitatatuliwa. Msichana amechomwa moto akirejea nyumbani usiku, na polisi wa Grenoble wanawapitia wanaume aliowahi kuwa nao, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja angeweza kufanya, hakuna anayethibitika.

Basi mwaka 1947 ukweli ulichelewa, 1981 ulikuja kwa bahati, na 2022 haukuja. Kinachobaki katika filamu zote tatu ni maswali ya polisi wenyewe, na majeraha yanayoachwa nayo. Katika filamu ya Moll, rafiki wa marehemu anachoka kuulizwa marehemu alilala na nani. Anawaambia wapelelezi kuwa aliuawa kwa sababu alikuwa msichana, na ndipo Yohan, kiongozi wao, anapotambua kwamba muda wote huo walikuwa wakimchunguza aliyeuawa.