Jembe na Daftari: Elimu ya Msingi Mkoani Singida

Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Sharti hilo la mwisho ndilo lililosahauliwa upesi.

Mkoani Singida, ambako mvua ni haba na za msimu mmoja, shamba la uwele, mtama au alizeti lingeweza kuwa darasa kamili: wanafunzi wapime eneo, waweke hesabu za mbegu na mavuno, wawaulize wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba namna ya kuhifadhi nafaka. Twasema lingeweza, kwa kuwa mara nyingi jembe lilifanywa adhabu ya mchelewaji.

Azimio la Musoma la 1974 likataka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, badala ya 1989. Walimu hawakutosha; vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Kwao ilikuwa rahisi kuamrisha palizi kuliko kuketi na watoto mbele ya daftari la mapato, nasi hatuwalaumu sana.