Kujifungua Hospitali na Nafasi ya Bibi

Nchini Tanzania, maandalizi ya kujifungua huanzia kliniki ya wajawazito. Huko mama hupimwa shinikizo na wingi wa damu, kundi la damu, kaswende na virusi vya Ukimwi. Huchanjwa pepopunda, akapewa dawa ya SP ya kukinga malaria na vidonge vya kuongeza damu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mahudhurio yasiyopungua 8. Kila kipimo huandikwa kwenye kadi, na kadi hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa mama anapofika leba.

Begi hufungwa mapema: kanga au vitenge, pedi, beseni, nguo na kofia ya mtoto. Vituo vingine huagiza glovu na mpira wa kulalia, hivyo orodha iulizwe kliniki. Lakini familia nyingi hushughulikia begi zikasahau yaliyo mazito zaidi, yaani gari la usiku na ndugu walio tayari kutoa damu. Damu ikimtoka mama kwa wingi baada ya kujifungua, inaweza kumuua ndani ya saa chache. Vilevile kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, chupa ikipasuka au mtoto akipunguza kucheza, asisubiri kukuche.

Baada ya ruhusa ya hospitali, mtaalamu wa nyumbani ni bibi. Mzazi wa uzazi wa kwanza mara nyingi hurudi kwa mama yake, akalelewa hadi arobaini kwa uji wa pilipili manga, supu, au mtori kama ni Uchagani. Malezi haya ni hazina: mama anapumzika, anakula, hayuko peke yake. Ndiyo maana bibi naye anastahili kuelezwa kliniki, kwa kuwa neno lake ndilo husikilizwa. Maziwa ya kwanza ya njano yasikamuliwe na kumwagwa, kwani yamejaa kinga. Mtoto hahitaji maji, asali wala maji ya sukari. Maziwa ya mama yanamtosha miezi 6. Kitovu kisipakwe majivu wala mafuta. Kumkanda mama kwa maji ya moto kunaweza kumbabua, na aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo kabisa.

Mapokezi hutofautiana. Mtoto wa Kiislamu huadhiniwa sikioni, na siku ya 7 ndiyo ya akika. Kwa Wakikuyu wa Kenya, mvulana wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba. Utani nao huanza papo hapo: bibi humwita mjukuu wa kiume “mume wangu”.

Arobaini isimzuie mama kurudi kliniki. Yeye na mtoto huchunguzwa tena ndani ya wiki 2 za kwanza, kisha wiki ya 6, mtoto anapoanza chanjo zinazofuatia zile za BCG na matone ya polio alizopata alipozaliwa. Bibi afuatane nao, maana maswali mengi ya nyumbani ni yake.